Ravenna, mji wa mozaiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kwenda

Jamaa wengi wakipata viza ya Italia hupanga Roma, Florence na Venice, kisha wanarudi nyumbani. Ukurasa huu ni kwa yule mwenye siku mbili za ziada, au aliyekwisha kuona hiyo miji mitatu na anatafuta kitu ambacho hakioni kwenye picha za kila mtu. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi kuhusu Ravenna. Nimeyajibu marefu pale penye mambo mengi, na kwa kifupi pale pasipo na mengi.

Ravenna iko wapi, na ina nini cha kunitoa Venice?

Iko kaskazini-mashariki mwa Italia, katika mkoa wa Emilia-Romagna, karibu na bahari ya Adriatiki. Zamani maji yalikuwa yameuzunguka mji; leo bahari imesogea mbali, na bandari inafikiwa kwa mfereji uitwao Candiano.

Kilichomo ni mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya kioo na mawe, za karne ya 5 na ya 6. Majengo manane ya zama hizo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, na yote unaweza kuyaingia. Sitakwambia usiende Venice. Ninachosema ni kwamba Ravenna utasimama mbele ya kazi iliyodumu karibu miaka 1,500, uitazame mpaka uridhike, bila kusukumwa na umati.

Mji mdogo hivi ulipataje kazi kubwa namna hiyo?

Hili ndilo swali la kulijibu kabla ya safari, kwa sababu bila historia utaona dhahabu na nyota tu, na utatoka umechoka shingo.

Mwaka 402 Kaizari Honorius aliihamishia serikali ya Dola ya Roma ya Magharibi Ravenna kutoka Milan. Maadui walikuwa wanaingia Italia, na Ravenna ililindwa na mabwawa huku ikiwa na bandari ya Classis ya kuiunganisha na mashariki. Mwaka 476 jemadari Odoacer alimwondoa Kaizari wa mwisho wa Magharibi, Romulus Augustulus, hapo hapo Ravenna. Mwaka 493 Theodoric, mfalme wa Wagothi, akamwua Odoacer karamuni na kutawala hadi alipofariki mwaka 526. Theodoric na watu wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Ario, walioamini kwamba Mwana hayuko sawa na Baba. Wenyeji wa mji walifuata imani iliyotambuliwa na Konstantinopoli, makao ya Dola ya Roma ya Mashariki. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na maaskofu wawili, makanisa makuu mawili na nyumba mbili za ubatizo.

Mwaka 540 jeshi la Kaizari Justinian likauteka mji, na Ravenna ikawa makao ya utawala wa Bizanti, yaani hiyo Dola ya Mashariki, nchini Italia mpaka Walombardi walipoitwaa mwaka 751. Baada ya hapo ukubwa ukaondoka. Mji uliopoteza cheo haukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuta zake kubaki.

Shika hayo mafungu matatu kichwani: Warumi wa mwisho, Wagothi, Wabizanti. Kila jengo utakaloingia ni la mmoja wao, na mengine yana alama za mmoja akimfuta mwenzake.

Je, nahitaji viza?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ndiyo, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, tangu Juni 2024. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama Italia ni kituo chako kikuu, omba Italia.

Ndugu waishio Ujerumani, Uholanzi, Sweden na nchi nyingine za Schengen wenye kibali halali cha ukaazi wanasafiri kwa kibali hicho na pasipoti yao, hadi siku 90 katika kila siku 180. Walioko Uingereza wakumbuke kwamba kibali cha Uingereza hakiwaingizi Italia.

Nafikaje?

Pitia Bologna. Uwanja wake wa ndege unafikiwa kwa kubadilisha ndege Dubai au Istanbul, njia ambazo wasafiri wa kwetu wamezizoea. Kutoka uwanjani kuna treni ndogo ya juu inayokupeleka stesheni kuu kwa dakika chache. Hapo unachukua treni ya mkoa, ile inayoandikwa *regionale*, ambayo huchukua zaidi kidogo ya saa moja hadi Ravenna. Hakuna haja ya kukata tiketi mapema: bei yake ni ile ile siku zote. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine kilicho stesheni kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta hujagonga, faini ni yako hata kama tiketi umeilipia.

Ukitoka stesheni ya Ravenna, nyoosha barabara iliyo mbele yako. Kama dakika kumi kwa miguu utakuwa Piazza del Popolo, uwanja wa katikati, wenye nguzo mbili ambazo Waveneti waliziacha walipoutawala mji. Vitu karibu vyote vya mji wa kale vinafikika kwa miguu, na barabara ni tambarare.

Siku moja inatosha?

Wengi hufanya hivyo kutoka Bologna, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mimi nashauri ulale usiku mmoja, ukiweza miwili. Mozaiki zinachosha macho. Ukiingia majengo matano kwa mfululizo, la tano hulioni tena. Yagawe: mawili asubuhi, pumzika, moja alasiri. Isitoshe, vikundi vya mabasi huondoka jioni na mji unabaki kwa wenyewe na baiskeli zao.

Tiketi zikoje?

Kuna tiketi moja ya pamoja ya majengo yaliyo chini ya jimbo kuu la Kanisa: San Vitale, kaburi la Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, Nyumba ya Ubatizo ya Neone, na jumba la makumbusho la askofu pamoja na kanisa dogo lililomo. Nunua mtandaoni, na uchague saa ya kuingia Galla Placidia na Neone, kwa sababu humo wanaingiza watu wachache kwa dakika chache tu. Majengo ya serikali (kaburi la Theodoric, Nyumba ya Ubatizo ya Waario, na Sant'Apollinare in Classe) yana utaratibu wake tofauti. Picha zinaruhusiwa, ila zima mwanga wa kamera.

Hoteli itakudai pia kodi ndogo ya utalii kwa kila usiku. Si utapeli, ni ya halmashauri ya mji.

Nianze na jengo gani?

Anza na Galla Placidia, na usome aya hii kwanza, maana dakika zako ndani ni chache.

Kwa nje ni kijumba cha matofali chenye umbo la msalaba, ambacho ungekipita bila kukitazama. Ndani ni giza. Madirisha yana mabamba membamba ya alabasta, na mwanga unaopenya ni wa rangi ya asali. Subiri macho yazoee. Kisha buluu inajitokeza juu yako: dari zima ni buluu nzito yenye nyota za dhahabu, zikizunguka msalaba ulio katikati. Ardhi ya Ravenna huzama, kwa hiyo karne zilivyopita sakafu iliinuliwa kwa zaidi ya mita moja. Ndiyo maana nyota ziko karibu kuliko alivyokusudia mjenzi.

Geuka utazame juu ya mlango ulioingilia. Yesu ameketi kati ya kondoo, kijana asiye na ndevu, mavazi ya dhahabu, mkono mmoja ukigusa pua ya kondoo. Upande wa pili, Mtakatifu Laurenti anaikimbilia chanja ya moto atakayochomewa, na kando yake kuna kabati lililo wazi lenye vitabu vinne, kila kimoja kimeandikwa jina la mwinjili. Wengi hutazama nyota tu na hulikosa kabati hilo. Litafute.

Galla Placidia mwenyewe alikuwa dada yake Honorius, na alitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo. Alifariki Roma mwaka 450, na huenda hakuzikwa humu kamwe. Jina ndilo lililobaki.

Na San Vitale?

Ni hatua chache kutoka hapo, katika bustani hiyo hiyo. Ni kanisa la pembe nane, lililowekwa wakfu mwaka 547, na lililipiwa na mtu wa fedha aitwaye Julianus Argentarius. Nenda moja kwa moja hadi kwenye madhabahu, utazame kuta mbili zinazokabiliana.

Kushoto yuko Kaizari Justinian, joho la zambarau, amebeba sahani ya dhahabu ya mkate wa ibada, na wanajeshi nyuma yake. Kulia yuko mkewe Theodora na kikombe cha divai, lulu zikining'inia kutoka kwenye taji hadi mabegani. Wote wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Picha zao zilitumwa kazi ambayo miili haikuja kuifanya: kuwaonyesha wenyeji nani sasa ni mkubwa.

Sogea kwa Theodora na utazame pindo la vazi lake, chini kabisa. Utaona watu watatu wamefumwa kwa dhahabu, wameinama na zawadi mikononi: ni Mamajusi. Theodora alikuwa binti wa mtunza dubu wa uwanja wa michezo wa Konstantinopoli, na kabla ya kuolewa alicheza jukwaani. Kumbuka hilo unapomwona hapo, mwenye duara la nuru kichwani, amesimama sawa na mumewe ndani ya kanisa. Kwangu hakuna ukuta nchini Italia unaoueleza mamlaka vizuri kuliko hizi mbili.

Ukishamaliza, tazama pia chini ya miguu: kuna mchoro wa njia za kupoteana, yaani labirinti, kwenye sakafu, mbele ya madhabahu.

Nimesikia kuna kanisa lenye mikono isiyo na wenyewe. Ni kweli?

Ni Sant'Apollinare Nuovo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Theodoric alilijenga kama kanisa la ikulu yake. Ukutani aliweka picha ya ikulu hiyo, yenye neno PALATIUM, na kati ya nguzo walisimama watu wa baraza lake. Wabizanti walipouteka mji, kanisa likachukuliwa kutoka kwa Waario, na watu hao wakang'olewa kipande kwa kipande. Mahali pao pakawekwa mapazia. Lakini mafundi hawakugusa nguzo, na baadhi ya wale watu walikuwa wameinua mikono iliyopita mbele ya nguzo. Mikono hiyo ipo hadi leo: vidole hapa, kiganja pale, juu ya nguzo nyeupe, na pazia tupu pembeni.

Simama upande wa kulia karibu na mlango na uanze kuihesabu. Kutoka kwenye ikulu hiyo unaendelea msafara wa wafiadini 26 kuelekea kwa Yesu, na ukuta wa kushoto msafara wa mabikira 22, wakitanguliwa na Mamajusi watatu wenye suruali za marembo na majina yao juu ya vichwa. Misafara ni mizuri sana, ila ilipachikwa baada ya ushindi. Mikono ndiyo inayokwambia nani alikuwepo kabla.

Kwa nini mozaiki zinametameta hata mwanga ukiwa hafifu?

Kipande cha dhahabu si dhahabu tupu. Ni kioo, juu yake utando mwembamba wa dhahabu, kisha kioo kingine chembamba juu kuulinda. Fundi aliviweka vipande kwenye lipu mbichi bila kuvilaza sawasawa: hiki kimeinama kidogo hivi, kile vile. Ukitembea hatua mbili, vingine vinazima na vingine vinawaka. Kwa hiyo usisimame mahali pamoja. Tembea taratibu ukiangalia ukuta ule ule.

Kazi hii haijafa. Mjini kuna karakana ambazo bado zinakata vipande kwa nyundo yenye makali pande mbili, kipande kikiwa kimewekwa juu ya patasi iliyosimikwa kwenye gogo. Baadhi hufundisha wageni kwa saa chache. Kama una fedha za zawadi, mpe fundi kuliko duka la sumaku za friji.

Yaliyo nje ya katikati ya mji yanafaa?

Sant'Apollinare in Classe, ndiyo, bila kusita. Iko kusini mwa mji. Treni ni kituo kimoja, na basi pia lipo. Kanisa lilisimama karibu na ile bandari ya zamani, sasa limezungukwa na mashamba. Juu ya madhabahu ni kijani kitupu: majani, miti, ndege, na Mtakatifu Apollinaris amenyosha mikono akiomba, kondoo 12 miguuni pake. Juu yake msalaba katika duara la buluu lenye nyota 99. Kondoo watatu wanaoinua vichwa kuelekea msalaba ni Petro, Yakobo na Yohane. Nenda asubuhi.

Kaburi la Theodoric halina mozaiki. Ni jengo la mawe meupe kutoka Istria, yaliyopangwa bila saruji, na paa lake ni jiwe moja lenye upana wa mita kama 10 na uzito wa zaidi ya tani 200. Jiwe lina ufa, na wenyeji husimulia kwamba mfalme aliogopa radi, akajificha chini yake, radi ikampata humo humo. Ndani kuna beseni la jiwe la zambarau, tupu.

Ni kweli Dante, yule mshairi mkuu wa Italia, amezikwa Ravenna, si Florence?

Kweli. Florence ilimfukuza mwaka 1302, na Ravenna ikampokea. Alifariki hapo Septemba 1321 kwa malaria, akitoka kwenye ujumbe Venice. Baadaye Florence ilimtaka. Mwaka 1519 Papa Leo X aliwaruhusu kuichukua mifupa, lakini walipofika jeneza lilikuwa tupu: watawa Wafransisko walikuwa wametoboa ukuta upande wa nyumba yao na kuificha. Ilikuja kuonekana mwaka 1865, ndani ya sanduku la mbao, mafundi wakitengeneza ukuta. Florence ina kaburi lake kubwa ndani ya kanisa la Santa Croce, lisilo na mtu. Kila Septemba Florence hupeleka mafuta ya taa inayowaka juu ya kaburi la Ravenna.

Kuingia ni bure. Ukitoka, ingia kanisa la San Francesco lililo jirani, lilikofanyiwa mazishi yake. Chini ya madhabahu kuna chumba cha chini kilichojaa maji, kwa ile ile sababu ya ardhi kuzama, na samaki wekundu wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Tia sarafu, taa iwake.

Mimi ni Mwislamu. Nitakuwa huru?

Ndiyo. Majengo haya hupokea wageni wa dini zote. Funika mabega na magoti tu, kama unavyotakiwa mahali popote pa ibada. Ravenna ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2013, upande wa Bassette, nje ya katikati ya mji.

Tahadhari yangu ni ya chakula. Mkate wa kienyeji, *piadina*, ni ndugu wa chapati: unga wa ngano, umesukumwa, umeokwa juu ya chuma. Utauona kwenye vibanda vyenye mistari ya rangi. Lakini kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, *strutto*. Kuagiza ya jibini hakukuokoi, kwa sababu mafuta yamo kwenye unga. Uliza "senza strutto?", na utafute kibanda kinachokanda kwa mafuta ya zeituni, *olio d'oliva*. Vipo vingi.

Chakula gani kingine nisikose?

Hiyo hiyo piadina ikiwa na *squacquerone*, jibini laini linalotiririka, pamoja na majani ya rukola. *Cappelletti* ni tambi zilizokunjwa zikiwa na jibini ndani, huletwa kwenye supu ya nyama. Kwa kuwa bahari iko karibu, samaki na kome ni wazuri. Migahawa hufunga baada ya chakula cha mchana na kufungua tena jioni, kwa hiyo usisubiri saa kumi alasiri ndipo uone njaa.

Msimu gani mzuri? Na yale mafuriko?

Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Julai na Agosti ni joto la jasho na mbu. Beba dawa ya kujipaka. Majira ya baridi kuna ukungu, lakini mozaiki ziko ndani na foleni hakuna.

Mafuriko makubwa yalikuwa Mei 2023 na yaliumiza eneo zima. Katikati ya Ravenna palinusurika, na mchango mmoja ulitoka kwa ushirika wa wakulima uliokubali mashamba yake yafurikishwe ili maji yasiingie mjini. Makaburi na makanisa yote niliyoyataja yapo.

Nina watoto. Watachoka?

Watachoka, usijidanganye. Wape kazi: kutafuta mikono ya Sant'Apollinare Nuovo, kuhesabu kondoo, kumpata mzee mwenye makucha ya kaa kichwani katika dari la Nyumba ya Ubatizo ya Waario (huyo ndiye mto Yordani). Alasiri wapeleke pwani ya Marina di Ravenna, au Mirabilandia, bustani kubwa ya burudani iliyo kusini mwa mji.

Lugha na usalama?

Kiingereza kinatosha hotelini na kwenye tiketi. Kwa wazee wa vibandani, *buongiorno* yako itakufungulia njia. Mji ni mtulivu. Angalia mkoba wako zaidi stesheni ya Bologna kuliko Ravenna.

Nikitoka hapo nielekee wapi?

Ferrara, kwa treni, ina ngome iliyozungukwa na maji katikati ya mji, na kuta za kale za kuzunguka kwa baiskeli. Faenza iko karibu zaidi na ina jumba la makumbusho la vyombo vya udongo lililoanzishwa mwaka 1908. Ukiwa unashuka kusini, Rimini ni mwendo wa kama saa moja, na tao la Augusto la mwaka 27 kabla ya Kristo bado linapitwa na waenda kwa miguu. Kama ni mojawapo tu, chagua Ferrara, kisha umalizie Bologna ulipoanzia.